Nyumba Iliyopigwa Muhuri kutoka Mbali

4 Februari

Kaka yangu,

Salamu zikufikie hukohuko chini ya ardhi uliko. Sisi hapa tunapumua. Mama hajambo ukitoa macho, ambayo sasa yanajua tu kama taa imewaka au imezimwa. Anasema heri kufa macho kuliko kufa moyo, halafu hapohapo anakutaja wewe, sijui kwa nini. Anatembea mwenyewe, chumbani hadi bafuni, bafuni hadi chumba cha mbele, mkono mmoja ukutani. Ukimshika anakusukuma: "Niache, nyumba yangu inanijua." Jirani wa mlango wa pili amejifungua mapacha, hivyo usingizi wa mtaa mzima umekwisha. Mimi ni mzima. Nimenenepa kidogo, usicheke.

Nimekupigia simu mara tatu, naambiwa hupatikani. Nikapiga ofisi ya mradi, mtu akanijibu kwamba Bwana Kofia yuko ndani ya handaki. Kumbe hata huko wamekupa jina. Nikaona bora nirudie kalamu, barua ije na lori la saruji kama zile nyingine.

Sasa shida yenyewe. Pale kwetu kwenye kupokea simu za wateja wa maji wameleta utaratibu mpya. Mtu anaweza kufanya kazi siku tatu nyumbani na siku mbili ofisini. Kaka, niliposikia nilitaka kuimba. Tangu macho ya Mama yaanze kwisha ninamwacha peke yake kutwa, siku tano kwa wiki, na jirani anamchungulia akikumbuka. Sasa ana mapacha, hata kukumbuka hatakumbuka. Siku tatu nikiwa hapa ni siku tatu ambazo roho yangu haitakuwa juu.

Ila kuna fomu. Inaitwa Fomu ya Usalama wa Mahali pa Kazi Nyumbani na ina maswali kumi na tano: meza, mwanga, hewa, soketi, nyaya, njia ya kutokea moto ukiwaka. Chini kabisa kuna mstari unaosema, "Nimekagua mahali hapa na nimeridhika," kisha jina, sahihi na muhuri wa mtu mwenye ujuzi wa usalama kazini. Kampuni haina watu wa kuzunguka nyumba zetu zote, kwa hiyo kila mtu atafute wake. Wenzangu wanahangaika. Mimi nikajisemea, mbona wangu ninaye, tumenyonya ziwa moja.

Fomu iko humu ndani pamoja na picha ya meza. Nimeiweka chumba cha mbele, chini ya dirisha. Msimamizi anaitaka kabla ya katikati ya Machi. Nakuomba usiniangushe.

Mama anasema nikuandikie kwamba sauti yako ameisahau. Anatania.

Mdogo wako, kitinda mimba

27 Februari

Mdogo wangu,

Barua imefika na vumbi lake, nimeipangusa nikaisoma mara mbili. Mimi ni mzima. Handaki limesogea mita arobaini tangu mwaka uanze na bado hatujaona mwanga wa upande wa pili. Jina la Bwana Kofia nililipata siku nilipomzuia mhandisi mkuu kuingia kichwa wazi. Alirudi kwenye gari kuitafuta kofia yake huku watu zaidi ya hamsini wanamtazama, na mimi nimesimama mlangoni kama mkwe anayedai heshima yake. Tangu siku hiyo hata mpishi ananiita hivyo. Wape pole majirani kwa mapacha. Na kunenepa si dhambi, dhambi ni kukana.

Kuhusu fomu. Ungekuwa mtu mwingine ningekurudishia ilivyokuja. Huku sipigi muhuri ngazi ambayo sijaipanda wala kamba ambayo sijaivuta kwa mikono yangu. Lakini nyumba hiyo nimezaliwa ndani yake, naijua nje ndani. Dirisha la mbele lina mwanga wa kutosha mpaka jioni. Soketi iko palepale chini ya dirisha, hatua moja toka mezani, kwa hiyo nyaya haziwezi kumpitia mtu miguuni. Hilo ni swali la saba, nimeweka alama ya ndiyo na kuendelea. Yote ndiyo, isipokuwa la kizima moto, maana najua hamna. Waombe kampuni. Muhuri nimeupiga mara mbili, wa kwanza haukukolea wino.

Likizo yangu ni Aprili. Nikijaliwa nitakuja. Mwambie Mama sauti yangu ni ileile, imeongezeka ukali tu kwa kugombeza watu wazima.

Kofia mwenyewe

22 Machi

Kaka yangu,

Hujambo? Sisi wazima. Mama anakusalimu, mapacha wanakusalimu kwa kelele, nami nakushukuru mpaka basi. Fomu ilipita siku ileile. Msimamizi aliugeuza muhuri wako huku na huku akasema, "Huu ndio ukaguzi." Wenzangu wawili wameniuliza kama kaka yangu anakagua na nyumba za watu.

Wameniletea kompyuta kubwa ya mezani, na simu za wateja zinaingia humohumo kwenye kompyuta, mimi navaa hedifoni. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa niko nyumbani. Jumanne na Alhamisi naenda ofisini. Mama anapenda siku za nyumbani kuliko mimi. Anavuta kiti anakaa pembeni yangu, anasikiliza ninavyojibu, kisha anatoa hukumu: "Huyo hana shida ya maji, ana shida ya mke." Juzi mama mmoja alilalamika maji hayatoki, na Mama yetu akasema kwa sauti, "Mwambie afungue koki ya nje kwanza." Koki ilikuwa imefungwa kweli. Mteja alicheka akashukuru. Mimi nikapewa onyo, kwa sababu simu zote zinarekodiwa na sheria inasema sauti za nyumbani zisisikike. Maonyo matatu unarudishwa ofisini siku zote tano. Kwa hiyo nimemwomba Mama akae chumbani kwake saa za kazi. Amekubali kwa shingo upande.

Kuhusu soketi na nyaya usijali, nimepanga.

Aprili inakuja. Mama ananiuliza tarehe kila asubuhi.

Mdogo wako

19 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi mzima, kazi nyingi. Tumekutana na maji ndani ya mwamba na watu wa usalama hatuwezi kuondoka. Likizo imesogezwa. Sababu nyingine nitakueleza siku nyingine.

Mama mwambie nimezuiwa. Usimwambie vinginevyo.

Hongera kwa siku zako tatu. Pumzisha macho kila saa moja, tazama nje.

Kaka yako

14 Mei

Kaka,

Nakusalimu. Hatujambo kiasi chake. Mapacha wameanza kucheka. Barua yako ya Aprili niliipata, nikamsomea Mama ile sehemu ya maji kwenye mwamba. Alisema "sawa" akageukia ukuta.

Sijui niandike vipi. Mama ameanguka. Ilikuwa Jumatano ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi. Nyonga imevunjika na mkono umeteguka. Amefanyiwa upasuaji, yuko wodini, anaongea, anawatania wauguzi. Daktari anasema atasimama, lakini polepole, na kwa fremu ya kutembelea.

Aliteleza bafuni. Nilikuwa nimefua asubuhi, sakafu ilikuwa na maji ya sabuni, ile sabuni ya unga inayoacha utelezi, na ndoo ilikuwa imekaa mlangoni, na kandambili alizovaa ni zile za bluu ambazo soli imelika. Mimi nilikuwa jikoni. Nikasikia kishindo, kompyuta ikazima, nikakimbia nikamkuta chini. Sikuacha ujumbe kwenye ofisi yenu, sikutaka uipate habari hii kwa mtu nisiyemjua.

Kampuni inataka taarifa ya ajali yoyote inayotokea nyumbani saa za kazi. Nimewaandikia bafuni. Huenda wakakuandikia na wewe uliyekagua. Wakikuuliza, bafuni haimo kwenye fomu, fomu inahusu mahali pa kazi tu.

Naishia hapa, saa za kuwaona wagonjwa zimefika.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Nakusalimu, ingawa leo salamu hazina ladha mdomoni. Mpe Mama pole yangu, na wewe pole. Nilipomaliza kusoma niliingia ghala la vifaa nikafunga mlango nikalia. Nilipotoka nilikuwa na hasira. Nikakuandikia kurasa mbili za kukugombeza kuhusu sabuni na ndoo. Kisha nikazichana.

Nimezichana kwa sababu nusu ya kazi yangu ni kuchunguza ajali. Nimekaa na watu wengi walioona kitu, na watu wengi waliosababisha kitu. Mwenye kweli husema, "Nilianguka." Anayeficha anakupa rangi ya kandambili. Barua yako ina rangi ya kandambili.

Bafuni kwetu hakuna waya hata mmoja. Kompyuta ilizima kwa nini? Na wewe uliyekuwa jikoni ulionaje kwamba imezima? Njia ya mwongo fupi, mdogo wangu, na hii yako haikufika hata mlangoni.

Kampuni yenu imeshaniandikia. Sijawajibu, nangoja wewe kwanza. Swali hili ni la kaka, muache afisa kando: ni kitu gani kilimwangusha Mama?

Kaka yako

18 Juni

Kaka,

Salamu. Mama ametoka hospitali, yuko kitandani kwake. Jirani ananisaidia kumgeuza, mapacha tunawalaza miguuni pake. Anawaambia hadithi na wao hawasikii chochote.

Nimekaa na barua yako siku nane. Imenivua nguo. Mara mbili nimeanza kukujibu kwa uongo mwingine na mara mbili nimeona jinsi ungeugundua.

Soketi ya dirishani haifanyi kazi. Ilitoa cheche ikafa, sasa ni miaka miwili na zaidi. Nilikuandikia wakati ule. Ulinijibu nisimwite fundi wa mtaani, utakuja kuitengeneza mwenyewe. Februari uliposema kwamba soketi iko palepale nilijua umesahau, na sikukukumbusha, kwa sababu nilitaka muhuri. Hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza, na ndiyo ndogo.

Umeme wa kompyuta nilikuwa nautoa chumbani kwa Mama, kwa ekstensheni ndefu inayokatiza korido. Nilijaribu kuubandika ule waya sakafuni, gundi inabanduka kila nikipiga deki. Siku za ofisini naukunja, siku za nyumbani nautandaza. Mama anapita hapohapo akienda popote. Basi tukakubaliana neno. Mlango wake ukilia tu mimi nasema, "Waya," naye anajibu, "Nimesikia," anainua mguu juu kama jogoo kwenye majani ya umande, anapita. Tulikuwa tunacheka. Siku nisiposema kitu ni siku ya ofisini, njia nyeupe.

Aprili mteja mmoja aliniuliza maji yatarudi saa ngapi, na Mama akafungua mlango, nikasema, "Waya." Mteja alishtaki kwamba nimemtukana kwa neno asilolielewa. Likawa onyo la pili. Msimamizi aliniambia kwa upole kabisa kwamba la tatu halitamfikia yeye, litakwenda moja kwa moja juu.

Siku yenyewe nilikuwa na mteja mzee ambaye hajaona maji siku tisa. Alikuwa ameeleza kwa muda mrefu, nami naandika. Mlango wa Mama ukalia. Kutoka mezani naiona korido yote. Mzee akawa amenyamaza, anangoja jibu langu. Nikisema neno lolote atalisikia. Kuna kitufe cha kuzima maikrofoni, kidole changu kilikuwa karibu nacho kabisa, lakini ukikiminya mfumo unarekodi ukimya na ukimya nao unakatwa alama. Haya yote niliyawaza, Kaka. Muda wa kuyawaza ulikuwepo, kwa hiyo na muda wa kusema neno moja ulikuwepo.

Niliinua mkono. Nilimwinulia mkono mtu asiyeona. Nikamwonyesha kiganja kama askari anavyosimamisha gari, na Mama akaendelea kuja, mkono ukutani, anatabasamu.

Alipoanguka mimi nilisema, "Samahani mteja, naomba usubiri kidogo." Nilisema hivyo neno kwa neno, Mama akiwa chini. Na mteja mwenyewe hakuwepo, kompyuta ilikuwa imeshazima, waya umeng'oka. Nilikuwa nakiomba radhi kioo cheusi. Wiki iliyofuata waliipima ile simu mpaka pale ilipokatika. Adabu kwa mteja, kumi kwa kumi.

La bafuni ni la Mama mwenyewe. Tulipokuwa tunangoja gari la wagonjwa alinishika nguo akaniambia, "Sema bafuni. Wasije wakakunyang'anya siku zako." Kisha akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamjibu jikoni. Hajaniuliza tena, na kila nikimnawisha naogopa ataniuliza.

Waandikie kampuni unachotaka. Mimi sina uso wa kukuomba lolote.

Mdogo wako

9 Julai

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na Mama. Nimeisoma barua yako nimekaa juu ya sanduku langu la bati, na ndani ya sanduku hilo, chini ya soksi, ipo barua yako ya miaka miwili iliyopita. "Soketi ya dirishani imetoa cheche." Mwandiko wako, mstari wa nne.

Unasema nilisahau. Ningependa iwe hivyo. Nilipoandika kwamba soketi iko palepale kalamu ilisimama, maana nilikumbuka. Nilijua kwamba nikikuuliza utaniambia haijatengenezwa, na nikiambiwa haijatengenezwa itabidi nije. Basi nikaweka alama ya ndiyo. Muhuri wa kwanza ulikolea vizuri tu, mdogo wangu. Niliupiga mara mbili kwa sababu wa kwanza niliupiga bila kuutazama, ukakaa upande.

Aprili hakuna aliyenizuia. Maji kwenye mwamba yalizibwa ndani ya siku mbili. Nilijitolea zamu za ziada mwenyewe, kama nilivyofanya mwaka jana na mwaka juzi. Mara ya mwisho nilipokuja Mama aliweza bado kutaja rangi ya shati langu. Niliogopa kuja akanipapasa uso ili ajue ni nani. Nimebeba watu waliopondwa na mawe, lakini hilo nililikimbia. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini kinyozi huyu alikuwa anawacheka wengine kwa nywele zao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wako nimeusaidia kwa wino.

Nimewajibu kampuni yenu. Nimesema sikukagua, nimepiga muhuri nyumba ambayo sijaikanyaga miaka mitatu, na kwamba waya ulikatiza njia. Najua maana yake, siku zako tatu zitasimama, na hiyo ni mara ya pili nakuumiza kwa sahihi moja. Nimewaandikia wakubwa wangu pia na muhuri nimeurudisha. Sasa wanapitia upya kila ngazi na kila kamba niliyowahi kuipitisha. Zote nilizipanda na kuzivuta, lakini ni nani atakayeniamini, na kwa nini aniamini? Jana mchimbaji mmoja alinipita akagusa kofia yake akacheka. Sikumlaumu.

Nakuja tarehe ishirini na nitakaa na Mama wiki sita, siku zote tano, wewe uende ofisini bila kugeuka nyuma. Fundi wa soketi atakuwa fundi kweli, mimi nitamshikia ngazi.

Jambo moja. Kwa kampuni nimesema kila kitu isipokuwa la mkono, hilo haliwahusu. Wala Mama sitamwambia mimi. Hilo ni lako.

Kaka yako

20 Septemba

Kaka yangu,

Natumaini ulifika salama na kwamba kazi ya ghala waliyokuhamishia haikuonei. Hapa wazima. Mapacha wametoa meno mawili mawili. Mama anatembea kwa fremu mpaka dirishani na kurudi, na bado anawasimulia wageni kwamba mashavu yako yamekonda. Amewaambia alikutambua kwa sikio la kushoto kabla hujafungua mdomo. Nadhani anaongeza chumvi.

Kampuni walituma mkaguzi wao, mama mmoja mfupi aliyepiga magoti akavuta kila waya kwa mkono. Mama yetu alikaa pale akimwuliza kila dakika, "Umeona na hapo?" Soketi mpya imepita. Nimerudishiwa siku mbili badala ya tatu, wamesema tutaangalia. Wakati wa kazi mlango wa korido uko wazi, na kitufe cha kuzima maikrofoni sasa hakikatwi alama. Mkaguzi ndiye aliyeandika hivyo kwenye ripoti, sijui alijuaje.

Ulipokuwa hapa uliniangalia mara kadhaa wakati wa chakula na nilijua unangoja. Sikuweza mbele yako. Ulipoondoka nikajipa wiki moja, kisha nyingine. Juzi Jumatano nilikuwa namkata Mama kucha, kichwa nimeinamisha, ndipo nikamwambia, "Mama, siku ile sikuwa jikoni."

Akasema, "Najua."

Nikamwambia nilikuwa mezani, na simu, na onyo la tatu, na kwamba nilimwona tangu alipofungua mlango. Nikamwambia niliinua mkono. Hilo hakulijua. Akaniambia nimwonyeshe nilivyoinua. Nikainua. Akapapasa hewani mpaka akakikuta kiganja changu, akakishika, akakipima kwa vidole kama kitu cha kununua.

"Nilikuwa nasikia vidole vyako vinaandika," akasema. "Nikajua upo. Na uliponyamaza nikasema, leo mwanangu ameutoa waya."

Nikamaliza kucha zilizobaki, Kaka. Nawe nakuomba, ukiniandikia usinifariji.

Mdogo wako